Walivyomwita Baba Hewala

Juzi nilisimama dukani Lumakanda nikisubiri kupimiwa sukari, nikamsikia msichana wa duka akimsema mchumba wa rafiki yake. "Achana na yeye," alimwambia mwenzake, "huyo ni hewala tu. Mamake akisema kaa, anakaa. Akisema simama, anasimama." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilitaka kumuuliza kama anajua neno hilo lilifikaje huku, nikajizuia, maana ukishafika umri wangu na kuanza kueleza mambo ya zamani, vijana huanza kuangalia mlango. Nikachukua sukari yangu nikaenda zangu.

Neno lenyewe ni la pwani na lina heshima zake. Mtu akikuagiza jambo ukakubali, unamwitikia hewala, basi. Lakini huku kwetu Lugari halikuja hivyo. Lilikuja kama jina la mtu, na mtu huyo hakuwahi kuzaliwa. Alitungwa na mwalimu wetu katika mchezo wa kuigiza, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, tulipokuwa tumehamia skimu.

Skimu ilikuwa shamba la Mzungu lililokatwa vipande. Mwenyewe alikuwa ameuza na kuondoka, na nyumba yake ya mawe ikawa shule yetu. Darasa langu lilikuwa chumba chake cha kulia chakula, ukutani bado kuna tundu jeusi la kuwashia moto, na wavulana wakorofi waliadhibiwa kwa kukaa humo ndani. Baba alikuwa amekamua ng'ombe wa Mzungu huyo tangu ujana wake. Sasa alipewa kipande kilekile alichokuwa akichungia ndama, akaambiwa ni chake. Aliitikia ndiyo, kama alivyoitikia kila kitu, lakini nadhani ilimchukua muda kuamini.

Mwalimu alitoka Mumias. Alikuwa Mwislamu, mtu mwembamba mwenye kofia safi kuliko kitu chochote kilichokuwa skimu nzima. Kila asubuhi alitusalimu "Asalaam aleikum," nasi watoto wa Wakristo tulimjibu "Mzuri!" kwa sauti moja. Hakutukemea hata siku moja. Alipenda maneno, na alipenda zaidi kuyaona yakitoka midomoni mwa watu wengine, ndiyo maana sikukuu ya uhuru ilipokaribia akatunga mchezo.

Mchezo ulihusu mtu mmoja aitwaye Hewala. Jirani anakuja kumwomba mlango wa nyumba yake kwa sababu wa kwake umeliwa na mchwa. Hewala, anasema, na anamsaidia kuung'oa. Mwingine anataka nyasi za paa. Hewala. Chifu anataka ukuta mmoja ubomolewe apitishe njia ya kwenda kwa mashemeji zake. Hewala, na kama mheshimiwa atapenda, ukuta wa pili nao uko karibu. Mwishowe mtu huyu amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, mvua inamnyeshea, mke wake anamfokea, naye anainua uso juu na kusema: "Hewala, ardhi ilihitaji maji."

Mke wa Hewala nilikuwa mimi. Mwalimu hakunijaribu hata kidogo. Alisema mdomo ninao tayari, kilichobaki ni kunifunga leso.

Skimu yote ilikuja kutazama, watu wa kila kabila waliokuwa wamegawiwa mashamba, na walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka wakalia. Baba alikaa mbele kwenye nyasi. Alicheka kuliko wote. Nilimwona akijifuta machozi kwa kofia yake. Kisha mzee wa shamba linalopakana na letu akasimama, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti kubwa, "Huyu Hewara mimi namjua! Ni jirani yangu!" Kidole kilikuwa kikimwelekea baba. Watu wakageuka, wakaangua kicheko kipya. Na baba, badala ya kukasirika, akasimama, akainamisha kichwa kama mchezaji anayeshukuru watazamaji.

Jina likamganda siku hiyohiyo.

Sitasema lilikuwa la uongo. Jirani huyohuyo alimwomba apitishe ng'ombe wake kando ya mahindi yetu kwenda mtoni, baba akakubali, na kando ikawa katikati. Kanisa lilipotaka mtu wa kubeba mabenchi, lilijua pa kuja. Mikutano ya kamati ilifanyikia kwetu, uji wetu ukinywewa, kwa sababu hakuna mwingine aliyesema mikutano ije kwake. Mama yangu alikuwa anakoroga sufuria huku akizungumza na kuni, na kuni zilisikia mengi.

Na lile neno halikubaki kwa baba. Ndani ya msimu mmoja lilikuwa limezunguka skimu, likavuka mpaka Chekalini, na siku moja mama alirudi kutoka soko la Matete akasema amewasikia wauza viazi wakilitumia. Karani aliyebeba mkoba wa afisa aliitwa hewala. Mwanamke aliyehamishwa jikoni kwake na mama mkwe aliitwa hewala. Hata ng'ombe asiyepiga teke wakati wa kukamuliwa alikuwa ng'ombe hewala. Mwalimu alistaajabu. Alisema alitunga mtu mmoja, hakujua kama ana ukoo mkubwa hivyo.

Lililoniudhi ni waliokuwa wakilitamka. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na niliwatazama wanaume wale barazani. Afisa wa skimu akija na kusema pandeni mahindi haya mapya kwa mistari, vuteni kamba, wote walivuta kamba. Akisema atakayeacha magugu atanyang'anywa shamba, wote waliinua mikono kukubali kabla hajamaliza. Wakitoka hapo, njiani, wanamcheka baba. Tofauti yao na yeye ilikuwa moja tu: wao walikubali mbele ya wakubwa, baba alikubali mbele ya kila mtu, hata mbele ya mtoto.

Nikamuuliza siku moja. Mtu alikuwa amepita barabarani akaita "Hewala!" na baba, akiwa ameinama shambani, akaitikia "Hewala!" kwa furaha kabisa.

"Baba, kwa nini unaitika?"

Aliegemea jembe lake. "Mzungu aliniitanga boi, na nilikuwa na ndevu," akasema. "Hii jina ya sasa angalau inachekesha watu."

Kisha akainama tena akaendelea kulima.

Nyumbani tuliishi na mama yake baba, kukhu wetu. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na mama, na baba alikuwa wa mwisho, kwa hiyo alipohamia skimu kukhu alihama naye. Aliacha nyumba yake ya zamani karibu na mji wa Kakamega, mahali ambapo mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mtu akitema mate yanaangukia kwa jirani. Huko alimwacha mtoto wake wa kwanza, yaani baba mkubwa, pamoja na kaburi la mume wake, yaani babu yetu. Baada ya babu kufa, baba mkubwa ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Alikuwa mtu mzito, mkweli, mwenye koti moja la kaki alilolivaa jua na mvua. Baba alimwogopa na kumpenda kwa pamoja.

Kukhu hakuiamini skimu. Kila gari likipita alitoka nje kutazama kama ni Mzungu amerudi. Zamani, alipokuwa akija kumtembelea baba, alikuwa amemwona akihamishwa kutoka kibanda hadi kibanda katika shamba lilelile, kila Mzungu alipotaka kupanua malisho, na hakuona kwa nini karatasi ya serikali iwe na nguvu kuliko miguu ya wenye nguvu. Mwaka alioanza kuugua, alimwita baba, mimi nikiwa palepale nikimchua miguu.

"Mimi nikikufa, zika mimi hapa," alimwambia. "Nyuma ya nyumba, pale juu kidogo. Mahali hakuna mtu yetu amelala ndani yake, hiyo ni mahali ya kukodisha. Watafukuza nyinyi. Lakini wakikuta kaburi yangu, wataulizana kwanza."

"Ndiyo mama," akasema baba.

"Si kwa kunifurahisha?"

"Hapana mama. Nimekubali."

Haukupita muda baba mkubwa akaja kumwona mgonjwa. Mama alichinja ingokho, kuku wa kumkirimu mgeni, wakala, na baba mkubwa alipokuwa akiondoka alimshika baba mkono pale mlangoni. Akamwambia kwamba mama yao siku yake ikifika apelekwe nyumbani, alazwe kando ya mume wake, kwa maana mwanamke wa mtu hazikwi ugenini. Nilikuwa nimesimama karibu na nikayatega masikio yangu yasikilize vizuri. Nilimwomba Mungu baba aseme lolote, hata akohoe.

"Ndiyo," akasema baba. "Sawa kabisa."

Mama alikitupa kijiko ndani ya sufuria. Baba mkubwa alipokwisha kwenda, mama alimuuliza baba atamkata kukhu vipande viwili kama shamba la Mzungu? Baba akasema kukhu atapona. Hilo ndilo lilikuwa tegemeo lake, na nilipomtazama uso niliona kwamba analiamini. Nilimhurumia na kutaka kumtikisa, yote mawili.

Kukhu hakupona. Alikufa asubuhi, wakati wa kupalilia, na baba alilia bila kujificha, akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha mbele. Kisha akafanya mambo mawili. Alimtuma dereva wa lori la mahindi apeleke habari kwa baba mkubwa, na akawaonyesha vijana wa jirani mahali pale juu kidogo, nyuma ya nyumba. Wakaanza kuchimba. Yule mzee jirani, aliyempa baba jina, alikuja na beleshi lake mwenyewe na hakufanya mzaha hata mmoja.

Kesho yake mchana lori likaingia uani. Baba mkubwa alishuka na koti lake, nyuma yake wazee wa nyumbani, na nyuma ya lori walikuwa wameshatandika nyasi na mkeka. Wanawake wakaanza kulia upya kuwapokea. Baba mkubwa akamlilia mama yake kama inavyopasa, akaingia, akamtazama, akatoka. Alipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kujisaidia, ndipo alipoona chungu ya udongo mwekundu.

"Hii ni choo mnachimba?" akauliza.

Skimu nzima ilikuwa pale, na wote wakamtazama baba. Niliona nyuso zao. Waliokuwa wamekuja kulia walikuwa sasa wanangojea kumwona Hewala akishika ncha ya mkeka na kumpakia mama yake kwenye lori, kisha ashukuru. Sikuwalaumu kwa kutarajia hivyo. Hata mimi nilitarajia, na moyo wangu uliniuma mapema.

"Ulinikubalia," baba mkubwa akasema. Hakupaza sauti. "Ulisema ndiyo, pale mlangoni, mkono yako iko ndani ya yangu. Mimi nimechimba kaburi nyumbani. Iko tayari, kando ya mzee."

"Ni kweli nilisema," baba akajibu. "Na mama pia nilimwambia ndiyo. Alitaka hapa."

"Basi mmoja wetu ulimdanganya."

"Ni wewe," akasema baba.

Mtu mmoja alikohoa. Baba alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kwa mikono miwili, vilevile alivyokuwa akisimama mbele ya Mzungu, na sauti yake ilitetemeka. Lakini hakunyamaza.

"Ni wewe nilidanganya, mkubwa wangu. Niliogopa uso yako. Lakini wewe uko hai. Unaweza kunikasirikia, unaweza kunitukana, ukitaka chukua fimbo unichape hapa mbele ya watoto yangu, sitakimbia. Mama hawezi kufanya hata moja ya hiyo. Mimi siwezi kumdanganya mtu hawezi kunijibu."

Nilijikuta nalia, si kwa ajili ya kukhu. Maisha yangu yote nilikuwa nimedhani ndiyo za baba hazina uzito, kwamba anazimwaga kwa kila apitaye kama maji ya kunawa. Hapo niliona kwamba kila moja alikuwa ameitamka kwa dhati, na kwamba amezibeba zote peke yake, na siku hiyo, mbili kati ya hizo zimegongana kichwani mwake mbele ya watu. Nilimwonea fahari.

Mzee mmoja wa nyumbani akasogea mbele. Yeye hakuwa na ugomvi, alikuwa na hofu. "Na ile kaburi ya nyumbani?" akasema. "Imefunguka. Nyinyi wote mnajua kaburi haifungwingi bure. Itaita mtu."

Hilo liliwagusa hata majirani wa makabila mengine, kwa sababu nao walikuwa na yao yanayofanana. Kwetu kaburi likishachimbwa lazima lipewe kitu. Kama maiti hayupo, huzikwa mgomba uliokatwa kimo cha mtu, ukafungwa shuka, ukalazwa na kuliliwa kama mwenyewe. Ni jambo zito. Hufanyiwa aliyezama mtoni asipatikane, au aliyekwenda vita vya Wazungu asirudi. Hakuna aliyewahi kusikia likifanyiwa mtu ambaye kaburi lake lingine linaonekana na macho.

"Ile shimo nimeichimba mimi," baba akasema, "kwa mdomo yangu. Nitaenda kuifunga mimi. Mkubwa wangu akinikatalia kupanda lori, nitatembea."

Baba mkubwa aliitazama ile chungu ya udongo, halafu akageuka akatazama chini, mahindi yetu yakishuka kwa mistari mpaka mtoni, na ng'ombe wa jirani wakipita katikati. Kisha akafungua vifungo vya koti la kaki. Nilidhani anatafuta fimbo kweli. Alilivua, akanipa mimi nishike, akashuka kwenye kaburi kulipima kama lina kina cha kumtosha mama yake. Akasema upande wa kichwa bado. Akaomba jembe.

Tukamzika kukhu alasiri hiyo, nyuma ya nyumba, juu kidogo. Baba mkubwa ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, kama mtoto wa kwanza anavyopaswa. Mwalimu wetu alikuja, akasimama nyuma kabisa na viganja vyake vimefunguka akimwombea, na nilimwona akimtazama baba kwa macho ambayo hakuwa nayo siku ya mchezo.

Jua lilipoanza kulegea baba alichukua panga akaenda kwenye migomba ya mama. Alichagua mmoja ulionyooka, akaukata, akaupunguza mpaka ukawa wa kimo cha kukhu, ambaye hakuwa mrefu. Mama alitoa shuka la kitanda chao. Wakaufunga, wanaume wanne wakaubeba hadi kwenye lori na kuulaza juu ya ule mkeka, na wanawake, ambao walikuwa wamekwisha kunyamaza, wakaanza kulia tena kana kwamba ndiyo kwanza anakufa. Mimi pia nililia. Nilijua ni mgomba, nilikuwa nimeuona ukikatwa, na bado nililia.

Dereva alimfungulia baba mkubwa mlango wa mbele, pahali pake pa heshima. Alikataa. Nilimpa koti lake, akapanda nyuma, akaketi kwenye mbao kando ya lile fungu la shuka. Baba akapanda, akaketi upande wa pili. Hawakutazamana na hawakusemezana, na nilijua hawatasemezana njia nzima mpaka Kakamega, labda na baada ya hapo.

Lori lilipoanza kushuka kwenye mashimo ya barabara yetu, mgomba ukayumba. Baba mkubwa akalikunja koti lake, akaliweka chini ya upande wa kichwa, akaushikilia kwa mkono asiachie.

Nilisimama njiani nikiwatazama. Baba naye alikuwa ameshika upande wa miguu.